Jinsi ya Kutalii Mombasa kwa Siku Moja Ukitokea Kinango

Kabla ya kitu chochote, tafuta sababu ya safari. Kutaka kuuona Mji wa Kale si sababu. Mtu wa Kinango huenda Mombasa kwa mambo manne: hospitali, kesi, mazishi na kudai pesa zake. Ukionekana steji alfajiri na shati lililopigwa pasi, bila faili la hospitali wala uso wa msiba, utaulizwa tu. Ukijibu kwamba unakwenda kutembea, ukaangalie majumba ya zamani, aliyekuuliza atanyamaza kidogo, kisha atataka kujua kama nyumbani ni kwema. Sema unakwenda kumwona shemeji, Majengo. Ukishataja shemeji, maswali huisha. Ila fahamu kwamba mwenye shemeji Majengo ni mtu anayeweza kubeba mzigo wa kwenda Majengo, na watu wa steji ni wepesi wa hesabu hiyo.

Hapo ndipo anapoingia kuku. Usimkubali. Gari likiwa limeshawashwa, mama jirani atakuja mbio na kuku wa kienyeji aliyefungwa miguu, na atasema, "Mwanangu, kwa vile unapita huko huko." Kataa kwa adabu. Sema gari limejaa. Sema daktari amekukataza kubeba vitu. Kisha mpokee, umweke chini ya kiti, kwa sababu mama huyo ndiye aliyemshika mamako mkono usiku uliozaliwa wewe, na gari zima linalijua hilo. Namba ya simu ya mpokeaji itakuwa imeandikwa kwenye kipande cha daftari. Tarakimu moja haitasomeka, na mama ataapa kwamba ni saba.

Usijione duni kwa kuwa utalii wako una kuku. Shughuli yenyewe inaheshimika duniani. Kule Ujerumani, wazee waliostaafu hulipa pesa nyingi wapande meli za mtoni, walale humo, na asubuhi washushwe katika mji mkongwe kama Regensburg, ulio kando ya Mto Danube na wenye daraja la mawe la karne ya 12. Hugawiwa vidude vya kusikilizia masikioni, wakapangwa makundi, wakamfuata mtu aliyeinua kibao chenye namba. Hutazama kanisa, hutazama daraja, hula soseji, na jioni hurudi melini, anayechelewa huachwa. Wewe nawe una hayo yote. Meli iko Likoni, mji mkongwe uko ng'ambo, na wa kukuacha hawatakosekana. Kibao chenye namba ndicho huna, na kabla ya saa sita mchana utakuwa umekwisha kujua umuhimu wake.

Njiani, kaa dirishani. Barabara ya kwenda Kwale hupita ubavuni mwa Shimba Hills, hifadhi iliyotangazwa mwaka 1968, na hakuna mahali pengine Kenya nzima utakapompata palahala porini. Wageni hulipa kuingia humo. Wewe unapita bure, na ndovu wake unawajua kwa majina ya mashamba waliyoyala. Mmoja akitokea pembeni, usimwonyeshe kwa kidole kwa furaha. Ndani ya gari hilo kuna mtu aliyepoteza mahindi yake yote kwa usiku mmoja na bado anangoja fidia inayotajwa katika Sheria ya Wanyamapori ya 2013. Tazama upande wa pili mpaka mpite.

Kutoka Kwale gari huteremka hadi Kombani na kuingia barabara kuu itokayo Lunga Lunga. Makanga atakuhakikishia kwamba linafika feri. Litafika karibu na feri. Umbali uliobaki si wa kubishania. Shuka utembee, na usikubali kuambiwa kwamba kuku alikuwa abiria.

Mjuaji mmoja atakushauri upite Dongo Kundu, barabara mpya itokayo Kibundani hadi Miritini bila kugusa feri. Mshukuru. Ni njia nzuri sana kwa mtu mwenye gari, na mtu mwenye gari hasomi mwongozo huu.

Sasa meli. Feri ya Likoni ni bure kwa anayekwenda kwa miguu, na kwa hilo peke yake inaishinda meli yoyote ya Mto Danube. Haina vyumba, haina mkahawa, na kuvuka kwenyewe ni dakika chache, ingawa kusubiri kunaweza kukupa muda wa kufahamiana na watu na hata wa kugombana nao. Ingia kwenye banda. Usitafute foleni, kuna umati, na umati unajua unakoelekea. Lango likifunguliwa usikimbie, maana utakemewa, wala usitembee, maana utaachwa. Shika mwendo walioushika wenzako, ule wa mtu aliyeitwa shuleni kwa makosa ya mwanawe. Mkoba uwe kifuani. Kuku ainuliwe juu ya vichwa vya watu, na usimwombe radhi kila mtu atakayeguswa na bawa, maana hutamaliza. Ukishaingia utaambiwa usogee mbele. Sogea. Utaambiwa tena. Katika feri ya Likoni, mbele haiishi mpaka maji yaanze.

Mfanyakazi wa feri akikwambia usisimame kwenye mlango, usibishe. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka kwenye mlango huu huu wa bahari na watu 272 wakafa. Hiyo ni kanuni pekee katika siku yako yote ambayo sababu yake haihitaji kuelezwa.

Kuhusu picha: usipige. Imekatazwa, na ukitoa simu ni salama zaidi uiweke sikioni na kusema "halo" hata kama hakuna aliyekupigia. Lakini ukifika wakati wa kaskazi kuna bahati nyingine. Maji unayovuka ndiyo lango la bandari ya Kilindini, na meli kubwa ikija feri hungoja. Mara nyingine inayopita ni ya kitalii, ndefu kuliko mtaa, yenye ghorofa juu ya ghorofa na watu waliovaa nguo za kulalia wakiegemea reli na vikombe mkononi. Mtawatazama nao watawatazama. Kisha watatoa simu zao na kuwapiga picha: wewe, umati, mikokoteni, kuku. Amri ya kutopiga picha haijawahi kupanda hadi ghorofa ya tisa. Punga mkono kama unataka. Usisubiri kutumiwa nakala.

Mji huu, kwa haki, umewazoea wageni wa msimu. Majahazi ya Arabuni na Ghuba yalikuwa yakiingia Bandari ya Kale kwa upepo wa kaskazi na tende na mazulia, yakaondoka kwa kusi yamebeba boriti za mikoko. Meli za kitalii nazo huja zaidi miezi hiyo hiyo, na bidhaa zinazoondoka nazo ni nyepesi kidogo. Watu huwangojea wageni hao, wakapanga meza, wakafuta vumbi vinyago. Wewe unaweza kuja mwezi wowote wa mwaka. Ndiyo maana hakuna anayekungoja.

Ukishuka ng'ambo, panda tuktuk. Bei itategemea jinsi utakavyolitamka jina la mahali unakokwenda. Ukisema "Fort Jesus" kwa ukamilifu, kama ulivyofundishwa darasani, umeshalipa zaidi. Sema "Ngomeni" huku ukitazama pembeni, bila kuuliza kama ni mbali. Dereva atakutazama kwenye kioo, amwone kuku, na kukutajia bei ile ile ya "Fort Jesus".

Nje ya ngome utawakuta waongozaji wa wageni. Watu hawa wanasoma nyuso kwa kasi ya ajabu: kabla mtu hajateremka garini wameshajua anatoka Italia au Poland, na salamu ya lugha yake iko tayari ulimini. Kwako watatazama bega lako la kushoto, kuona kama kuna mtu nyuma yako. Simama hapo hapo. Baada ya muda mmoja atakuja, kwa ukarimu wa kweli, akuulize: "Mzee, unatafuta nani?"

Hilo ndilo swali la siku yako, nawe litasikie vizuri, maana utaulizwa na kila mtu hadi magharibi. Mgeni wa melini huulizwa anatafuta *nini*. Anaweza kujibu "hakuna, natazama tu," na watu wakampisha atazame. Wewe lazima uwe na mtu. Mwenyeji wa Pwani anayetazama ukuta bila kumtafuta mtu ni ama fundi, ama wakala wa kununua nyumba, ama mgonjwa. Ukikaa kimya kwa muda mrefu watachagua wenyewe, na wakala hapendwi.

Getini, toa kitambulisho kabla hujaombwa. Bei ya raia na ya mgeni si moja, na tofauti yake inatosha kukufanya uipende nchi yako kwa dakika tano nzima. Malipo ya serikali siku hizi hupitia eCitizen, kwa hivyo utalipa kwa simu, na simu itatafuta mtandao. Wakati inatafuta, kundi la melini litapita ubavuni mwako bila kupunguza mwendo, limelipiwa lote kwa pamoja tangu nchi nyingine. Kuku hana bei kwenye orodha. Mlinzi atampigia hesabu kimoyomoyo, aone si raia, si mkazi wala si mtoto wa shule, na atakuomba umwache kivulini karibu na kiti chake. Mshukuru, maana angeweza kukukatalia. Utaingia katika zaidi ya miaka mia nne ya historia ukimwaza kuku.

Ndani, jifunze kuitikia kwa kichwa. Utaambiwa kwamba Wareno walianza kuijenga ngome mwaka 1593 na kuimaliza 1596, kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati; itikia. Kwamba ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala. Itikia, ingawa huko juu hutafika. Kwamba Waomani waliizingira kutoka 1696 hadi Desemba 1698, na waliokuwa ndani wakaisha kwa maradhi na njaa mpaka wakabaki wa kuhesabika kwa vidole. Hapa usiitikie haraka. Kwamba Waingereza waliigeuza gereza mwaka 1895, na gereza likadumu hadi 1958. Mwongozaji akifika hapo, usithubutu kumwambia kwamba babu yako alifungwa humo kwa kushindwa kulipa kodi ya kibanda. Atafurahi kupita kiasi. Atakusimamisha mlangoni na kuliita kundi la melini, na kabla hujajua umegeuka sehemu ya maonyesho.

Mifupa ya nyangumi itazame kwa haraka. Kila mtoto wa Kwale aliyewahi kuletwa hapa na basi la shule anaikumbuka mifupa hiyo na soda aliyokunywa baadaye, na vingine vyote amevisahau. Ukisimama sana mbele yake utaonekana hukusoma.

Kuna swali moja la kuliepuka kabisa: "Na sisi tulikuwa wapi?" Si kwamba halina jibu. Jibu lipo, ila halimo katika dakika ulizolipia. Wareno waliwaita watu wa bara yetu Musungulo. Mwaka 1614 Sultani Hassan bin Ahmad wa Mombasa, alipokosana na Wareno, alikimbilia kwa Musungulo hao, na huko huko akauawa baada ya Wareno kutoa malipo. Si habari ya kutembea nayo kifua mbele, lakini walau tumo. Baadaye Thalatha Taifa, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, walikuwa na ushirika na Wadigo na Waduruma, na wazee wa Kimijikenda walipoingia mjini walikirimiwa na kupewa nguo. Mji ulikuwa unaihitaji nafaka yao, njia zao za biashara na mishale yao. Kwa hivyo upo wakati ambapo mtu wa upande wa Kinango akiingia Mombasa, mji ndio uliofungua mfuko. Usidai malimbikizo.

Na ukisimuliwa kwa fahari kwamba ngome iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2011, pongeza. Misitu mitakatifu ya kaya za Mijikenda, za Waduruma zikiwemo, iliingia katika orodha hiyo hiyo mwaka 2008. Hakuna aliyekuuliza unatafuta nani ulipopita karibu na kaya, kwa sababu huko watu wanajua kwamba wewe ndiye unayetafutwa. Ila usimtajie mwongozaji habari hiyo. Anaweza kuanzisha safari za kwenda huko, na wewe utapewa bei ya raia.

Ukitoka ngomeni na kuku wako, ingia mitaani kwa Ndia Kuu au kwa Mbarak Hinawy. Tembea polepole. Tazama roshani za mbao, tazama milango ya nakshi, fika Msikiti wa Mandhry ambao kujengwa kwake hutajwa kuwa mwaka 1570, uone mnara wake mnene chini na mwembamba juu, kisha teremka hadi Leven House. Nyumba hiyo imechukua jina la HMS Leven, meli ya Kapteni William Owen, ambaye mwaka 1824 aliteremka hapa na kuutangaza mji wote kuwa chini ya ulinzi wa Uingereza bila kuuliza wakubwa wake. Serikali ya London haikuridhia, na mwaka 1826 Waingereza wakafunga virago. Kwa kifupi, alikuwa abiria wa meli aliyezidisha muda wa matembezi. Usimwige, wewe London haitatuma mtu kukurudisha.

Sasa inakuja hatua ngumu: kusimama mbele ya mlango. Milango ile imechongwa ili itazamwe, lakini nyuma yake wanaishi watu, na watu hao wamelelewa vizuri. Ukisimama kwa muda wa kuvuta pumzi tatu, mlango utafunguka na bibi atasema, "Karibu, baba. Wamtafuta nani?" Hapa ndipo wasafiri wengi huangamia. Watasema, kwa mazoea ya asubuhi, kwamba wanamtafuta shemeji. Bibi atauliza jina. Ukilitaja jina lolote, hata la kubuni, kumbuka uko katika mji ambao kila jina lina mwenyewe. Ataitwa kijana. Kijana atamjua mtu wa jina hilo, nyuma ya msikiti, fundi wa redio. Utapelekwa. Fundi wa redio atakutazama kwa muda, atashindwa kukukumbuka, ataona haya kwa kushindwa huko, na kwa sababu ya haya atakukaribisha ndani. Italetwa kahawa. Zitaletwa kashata. Utaulizwa habari za Kinango, mvua, na mgonjwa ambaye hukuwa naye. Usijaribu kueleza ukweli katika hatua hii. Kila ukweli utakaousema utaonekana ni adabu tu.

Wakati huo, kupitia dirishani, utaliona kundi la melini likipita na kibao chake namba 14. Watu thelathini watasimama mbele ya mlango ule ule wa bibi, waupige picha, waushike nakshi, wamwombe mtoto atabasamu. Hakuna atakayefungua.

Na huwezi kuondoka katika nyumba ya watu mikono mitupu baada ya kahawa. Tazama ulicho nacho. Ndiyo. Mtoe, useme "nimewaletea kidogo kutoka nyumbani," na kaya nzima itakuombea safari njema, na fundi wa redio atabaki na hakika kwamba wewe ni ndugu. Saa moja baadaye simu yako italia. Tarakimu ile haikuwa saba. Mpokeaji amekupata kwa njia yake mwenyewe na anauliza kuku yuko wapi. Sema uko njiani.

Wapo wanaotumia mbinu nyingine. Hujibandika mkiani mwa kundi la melini, hatua mbili nyuma ya mtu wa mwisho, wakabeba chupa ya maji na kofia ya ziada. Hili hufanya kazi vizuri. Hakuna atakayekuuliza unatafuta nani, utasikia historia yote bure, na utatazama milango kadiri upendavyo. Mzungu wa mwisho atadhani umeajiriwa na meli, atakupa mkoba wake umshikie, na mbele ya Bandari ya Kale atakupa bakshishi. Ipokee. Itakuwa ndiyo pesa pekee iliyoingia mfukoni mwako siku hiyo, na utaizungumzia kwa muda mrefu kuliko Msikiti wa Mandhry.

Chakula usikile mahali ambapo orodha ya vyakula ina picha. Zunguka nyuma. Fuata harufu ya mafuta hadi umpate mama wa viazi karai, mimina ukwaju, kula umesimama. Mishkaki ngojea jioni, ila jioni utakuwa feri, kwa hivyo isahau. Kwenye kahawa ya barazani kaa mwisho wa benchi na usitoe maoni ya siasa. Wazee wale wanalo baraza lao la mawaziri lililokamilika, na nafasi ya mtu wa Kwale imeshajazwa tangu zamani na mtu asiyehudhuria.

Marikiti, utapita kwa ajili ya kuku wa kulipia deni. Nunua pia viungo, kwa sababu kurudi Kinango bila harufu ya Mombasa ni kuthibitisha kwamba hukufika. Pilipili manga, hiliki, bizari, hivyo ni sawa. Zafarani ya bei nafuu iache. Ni nafuu kwa sababu si zafarani. Na kabla hujatoka, mwuza vinyago atakuona. Utasema hutaki. Utasema unatazama tu, na hapo, kwa mara ya kwanza siku nzima, mtu atakuruhusu utazame. Utashukuru kiasi cha kununua. Utanunua ndovu. Utamlipia ndovu wa mti, mwenye urefu wa kiganja, pesa ambazo ndugu zake wa hifadhi ya Mwaluganje hawajawahi kukulipa wewe kwa ekari nzima ya mahindi. Mfunge kwenye gazeti, usimtoe mpaka utakapofika mwisho wa safari. Katika gari la kurudi yule abiria wa asubuhi, aliyepoteza mahindi, atakuwemo.

Kuku mpya mpeleke Majengo haraka. Mpokeaji atamtazama mara moja tu, kwanza miguu, kisha macho, na atajua kwamba huyu hakuwahi kukanyaga mchanga wa Kinango. Hatasema kitu. Atapiga simu nyumbani utakapokuwa umeshageuka.

Mambo ya kurudi hayana ujanja. Ifikapo saa kumi na moja jioni, watu wote waliovuka asubuhi kuja kisiwani huamua kwamba wanaishi kusini. Banda la feri hujaa hadi barabarani. Zile kanuni za asubuhi zinabaki zile zile, ila sasa watu wamechoka na wana mikoba mikubwa zaidi. Meli ya kitalii inaweza kuwa inatoka wakati huo, taa zote zimewashwa, abiria wake wakihesabiwa mmoja mmoja kwa kadi kabla ya ngazi kuinuliwa. Wewe hakuna anayekuhesabu. Sogea mbele.

Likoni, gari la Kinango halina saa ya kuondoka, huondoka likijaa. Lisipojaa hukufikisha Kwale tu, na makanga hukwambia mkiwa mmeshapita Kombani. Juu ya vile vilima usiku kuna baridi zaidi kuliko wanavyodhani watu wanaopita mchana. Beba sweta.